Damu Iliyokwenda Mbio za Farasi

Dkt. Tran aliigeuza skrini ili wote watatu waone. Ini la Radoje lilikuwa na madoa kila upande, na hakuna aliyehitaji kuelezwa madoa yale ni nini.

"Lakini damu ilisema safi," Desanka alisema. "Mwezi wa tatu. Mlitupigia simu wenyewe, mkasema hakuna alama."

"Tulisema hakuna alama zilizoonekana, mama."

"Kuna tofauti gani?"

Daktari yule alikuwa mdogo kuliko hata Jelica, binti yao, lakini hakuwa mtu wa kulikimbia swali. Alivuta kiti akakaa karibu nao.

"Seli za uvimbe zikifa, vipande vya DNA yake vinaingia kwenye damu. Vipande hivyo vimebeba alama za kikemia, tunaziita alama za methili, ambazo DNA ya seli zenye afya kwa kawaida haina. Hizo ndizo tunazotafuta. Shida ni kwamba vipande vyenyewe ni vichache mno. Kuna uvimbe usiomwaga chochote, na kuna uvimbe usio na alama hizo kabisa. Hata kila kitu kikifanyika sawasawa, kipimo kinakosa baadhi ya watu. Ndiyo maana nilimsisitiza Radoje aje apigwe picha pia."

Radoje aliangalia viatu vyake. Picha hakuja kupigwa. Kutoka Coober Pedy, mji wao wa machimbo huko jangwani Australia, hadi Adelaide ni safari ya kutwa nzima, mashine ya kuchimbia ilikuwa ya kukodi, na damu ilikuwa imeshasema safi.

"Na kila kitu kisipofanyika sawasawa?" Jelica aliuliza.

"Hapo tena hali ni mbaya. Damu ikichelewa kutenganishwa, au ikipata joto kali, seli nyeupe za damu zinapasuka. DNA yake inamwagika na kuvimeza vile vipande vya uvimbe. Ni kama unatafuta watu wachache wenye kofia nyekundu uwanjani, halafu mtu anafungua mageti yote. Tunatumia mirija yenye dawa ya kuzizuia zisipasuke kwa siku kadhaa, lakini hata hiyo haijatengenezwa kwa jua la kwenu."

Desanka alimtazama mumewe. Radoje akainua macho, kisha akayashusha tena haraka. Wote wawili walikuwa wamekumbuka kitu kimoja.

*

Walichokumbuka ni utani. Wikendi ya mbio za farasi ilipokwisha, Lazar Bogić alikuja kula kwao kama kawaida yake. Lazar ndiye aliyewasimamia ndoa, ndiye aliyechimba opali, mawe ya thamani ya mji ule, na Radoje tangu wakiwa vijana, na wakati ule ndiye aliyekuwa na kazi ya kuchukua sanduku la barafu lenye sampuli pale kliniki na kulipandisha kwenye basi la Adelaide siku ileile. Aliingia nyumbani mwao, chini ya ardhi ambako mwamba huhifadhi ubaridi, akajifuta jasho, akajipakulia pilipili hoho zilizojazwa nyama, akacheka na mdomo umejaa.

"Rade! Damu yako nimeipeleka mbio za farasi, bwana. Basi la Ijumaa lilinipita nikiwa kwenye foleni ya bia. Imekaa nyuma ya pikapu mpaka Jumatatu, inashangilia kuliko mimi!"

Walicheka wote. Radoje alicheka zaidi, akauliza damu yake iliweka dau kwa farasi gani.

Sasa Desanka alisimama ndani ya duka la Lazar la opali, mbele ya watalii wawili waliokuwa wakijaribu hereni, akamuuliza neno moja tu.

"Sanduku uliliacha juani, au hukuliacha?"

"Shemeji, karibu. Kwanza tuwahudumie wageni."

"Jibu."

Lazar alitabasamu kwa wateja, akazunguka kaunta. "Utani ule? We unanijua, mimi nasema ovyo nikishalewa. Sanduku lilikuwa na barafu. Na nasikia daktari mwenyewe amesema kipimo kinaweza kukosa tu hivihivi. Hakusema?"

"Amesema."

"Sasa wewe unajuaje si hivyo? Unao ushahidi gani?"

Hakuwa nao. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Daktari, kwa uaminifu wake, alikuwa amempa Lazar pa kujificha. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kusema kwamba bila lile jua alama zingeonekana.

Lazar alitoa noti ya dola hamsini kwenye droo, akamkunjia Desanka vidole juu yake. "Kajazie mafuta. Najua safari za hospitali zinawamaliza."

Mmoja wa wale watalii aliinamisha kichwa kwa huruma, kama mtu anayemwona ombaomba akisaidiwa. Desanka aliiacha noti ianguke sakafuni. Alipofika mlangoni alimsikia Lazar akiwaambia wateja, kwa sauti ya upole, "Msimjali. Mumewe anaumwa sana."

*

Radoje aliishi hadi miti michache ya mji ule ilipoanza kuchanua. Mwishoni hakutaka kusikia habari za sanduku.

"Mwache Lazar," alisema mchana mmoja, Jelica akimlowesha midomo kwa kitambaa. "Shimo liliponiangukia, yeye ndiye aliyenifukua. Kwa mikono."

"Alikufukua ili akuue mwenyewe," Desanka alisema.

"Mama!"

"Na picha je?" Radoje alisema taratibu. "Picha nani aliiacha? Si mimi?"

Desanka alitoka akaenda jikoni kukata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Siku ya mazishi Lazar alishika jeneza upande wa mbele, akalia kuliko ndugu. Kwenye ukumbi wa klabu ya Waserbia, watu wakila, Desanka alimsikia akiwaeleza waliomzunguka: "Mimi nilimwambia, Rade, usiviamini hivi vipimo vya damu, nenda kapigwe picha. Nilimwambia kwa mdomo wangu." Watu wakatikisa vichwa, wakamjazia glasi.

Jelica aliuona mkono wa mama yake ukiikamata sahani ya mikate mpaka vidole vikawa vyeupe. Akaichukua ile sahani taratibu, akaiweka mezani.

"Hapa si mahali pake, mama."

"Najua," Desanka alisema. "Nitapatafuta."

*

Kliniki haikumfukuza Lazar. Mkataba wake ulipokwisha, haikumpa mwingine, na hakuna aliyesema sababu. Desanka akaiomba kazi ile. Bronwyn, muuguzi mkuu, alimkumbatia ofisini mpaka miwani ikamteleza.

"Hakuna atakayelitunza sanduku lile kama wewe, Desanka."

Ilikuwa kweli. Miezi yote iliyofuata alibadilisha barafu hata ilipokuwa bado ngumu. Alilifunika sanduku blanketi, alifika kituoni kabla ya basi, na hakuondoka mpaka aone dereva analifungia mahali penye kivuli. Madereva walimtania kwamba amebeba yai la mbuni. Aliwaza kila mara juu ya wenye majina yale, mama yupi anamsubiri nani.

Kisha, katika joto lile la Januari ambalo hata mbwa hawatoki mashimoni, akasoma jina la Lazar Bogić kwenye mrija.

Mji mdogo hauna siri. Tangu mazishi, Lazar alikuwa na hofu. Tumbo lilikuwa likimsumbua, na daktari wa kliniki alimtaka aende Adelaide kuingizwa kamera. Lazar aliwaambia wanaume klabuni kwamba hakuna mtu atakayempitishia mpira huko nyuma maadamu yuko hai. Akachagua kipimo cha damu, akalipa mwenyewe, ingawa daktari alimwonya kwamba uvimbe mdogo hutoa alama chache na kipimo kinaweza kuupita.

Desanka aliegesha gari mbele ya kituo. Mirija ya watu wengine aliiacha kwenye barafu, akalikabidhi sanduku kwa dereva kama siku zote. Mrija wa Lazar ulibaki juu ya dashibodi, nyuma ya kioo, jua likiupiga moja kwa moja. Alikaa kwenye kiti akautazama. Alingoja moyo umsute. Badala yake ulimkumbusha vidole vyake vilivyokunjiwa juu ya noti.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akaliacha gari palepale. Mrija ule aliupandisha kwenye basi lililofuata, ukiwa umeshapikwa siku mbili.

*

Jibu lilikuja: hakuna alama zilizoonekana.

Lazar alichoma kondoo mzima nyuma ya klabu. Alialika kila mtu, hata wachimbaji aliokuwa amegombana nao, na alipomwona Desanka akiingia na Jelica, alifungua mikono.

"Shemeji! Umekuja! Jamani, huyu ndiye aliyeibeba damu yangu. Mikono yenye baraka!"

Watu walipiga makofi. Lazar alimpa glasi ndogo ya pombe kali ya matunda ya plamu. Desanka aliishika bila kunywa.

"Jibu lako halina maana," alisema.

"Nini?"

"Damu yako niliiacha kwenye dashibodi siku mbili. Makusudi. Unaweza kuwa mzima, unaweza kuwa umeoza ndani. Mimi sijui, wewe hujui, na waliokupigia simu hawajui."

Muziki uliendelea kidogo mpaka mtu mmoja akauzima. Lazar alicheka, akawaangalia watu ili nao wacheke. Hakuna aliyecheka.

"Anatania," alisema.

"Kama wewe ulivyotania mezani kwangu?" Desanka alimsogelea. "Sasa nenda ukalale na hilo jibu. Kila tumbo likikukata, liulize. Radoje aliishi miezi akidhani ni mzima. Wewe nimekuhurumia, nimekwambia."

"Mchawi wewe!" Lazar alipaza sauti, mishipa ikamtoka shingoni. "Ungeniua! Mtu mzima na akili zako, unacheza na maisha ya mtu?"

"Hilo neno," Desanka alisema, "ndilo nililotaka kulisikia likitoka mdomoni mwako."

Akaweka glasi mezani ikiwa imejaa vilevile. Jelica alimfuata nje, akamshika bega akamgeuza.

"Umefanya nini, mama? Baba angeona aibu."

"Baba yako yuko udongoni. Aibu ni ya walio hai."

Kesho yake Bronwyn alimpokonya funguo za sanduku. Safari hii hakumkumbatia. "Nilikuamini kuliko mtu yeyote," alisema, na hayo ndiyo maneno pekee ya wiki ile yaliyomfanya Desanka ainamishe uso. Polisi walikuja mchana, wakakuta ameshawaandalia kahawa.

*

Lazar hakulala. Mkewe alisimulia dukani kwamba anashinda amejishika tumbo, analiuliza kama mtoto. Hata kipimo kipya cha damu hakukitaka tena, kwa sababu sasa alikuwa ameelewa namna kinavyoweza kudanganya. Mwishowe akapanda basi, akaenda Adelaide, akakubali kamera.

Wakakuta uvimbe kwenye kona ya utumbo. Ulikuwa bado mdogo, haujaenda popote. Wakaukata pamoja na kipande cha utumbo, wakamwambia amewahi. Wakamwambia pia kwamba kwa udogo wake, hata damu ingetunzwa kwa barafu ya Ncha ya Kaskazini, huenda kipimo kisingeuona.

Habari hiyo Desanka aliletewa na Lazar mwenyewe. Alikuja asubuhi, amekonda, anatembea kwa mkono mmoja ubavuni. Mkono mwingine ulibeba kisanduku cha mahameli, na ndani yake opali nyeusi yenye moto mwekundu, jiwe la kununulia gari.

"Nimekuja kukushukuru," alisema mlangoni. "Bila wewe ningeliamini lile jibu. Nisingekwenda. Ningekufa kama Rade."

Desanka alilitazama jiwe, kisha akamtazama yeye. Alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Alikuwa amemtakia hofu na mauti, na yule mtu alikuwa amesimama mbele yake na uhai mpya.

"Sikukusudia upone."

"Najua. Lakini nimepona. Polisi nimewaambia sina kinyongo, ingawa wanasema kesi ni ya serikali, itaendelea." Alisogeza kisanduku mbele. "Chukua, shemeji. Lile la kwangu na hili la kwako, basi. Tumelipana."

"Lipi la kwako?"

Lazar alikisogeza kisanduku karibu zaidi.

"Umesema lile la kwako. Lipi?"

"Usianze tena, Desanka."

"Lina jina. Litaje hapa, mimi na wewe tu, halafu nitalipokea jiwe lako."

Alifungua mdomo. Desanka aliliona neno likimfika kwenye meno. Kisha Lazar akajikohoza, akakifunga kisanduku. "Hakuna anayejua," alisema. "Daktari mwenyewe alisema."

Desanka alimfungia mlango usoni.

*

Hakimu anayezunguka mijini alipokuja, wakili wa msaada wa kisheria alimshauri Desanka akiri kosa, aonyeshe majuto, yaishe kwa kifungo cha nje. Desanka alikataa. Alikataa na wakili pia.

"Lakini ulifanya!" Jelica alimwambia wakiwa kwenye ngazi za mahakama. "Uliwaambia watu wote klabuni. Unakana nini?"

"Nikikiri, wananihukumu, tunarudi nyumbani. Nikikana, lazima waite mashahidi." Alijifunga vizuri kitambaa cheusi cha ujane. "Na shahidi akishaapa, nina haki ya kumuuliza."

Jelica alimtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

Nusu ya mji ilijaa chumbani mle. Lazar aliapa mkono juu ya Injili, akaeleza habari ya klabu bila kuongeza chumvi, hata akasema kwamba mshtakiwa, kwa njia ya ajabu, ndiye aliyemwokoa. Watu waliguswa. Mwendesha mashtaka akakaa. Hakimu, mwanamke mwenye mvi zilizokatwa fupi, akamwuliza Desanka kama ana maswali.

"Moja. Bwana Bogić, wikendi ya mbio za farasi, mwaka ambao mume wangu alitolewa damu, sanduku la kliniki lilikuwa wapi?"

Mwendesha mashtaka aliruka juu. Hilo halihusiani, alisema. Hakimu akamwuliza Desanka linahusiana vipi.

"Mmenishtaki kwa makusudi, mheshimiwa. Makusudi yangu yalianzia hapo."

Hakimu alifikiri, akamgeukia Lazar. "Hulazimiki kujibu swali linaloweza kukutia hatiani. Unanielewa? Unaweza kukataa."

Lazar alielewa. Aliitazama milango, akamtazama mkewe kwenye benchi la pili, akawatazama wanaume aliochimba nao, waliolibeba jeneza pamoja naye. Mkono wake ulikwenda ubavuni, pale kwenye kovu. Angeweza kukataa na sheria ingemlinda. Lakini watu wa chumba kile wangejua maana ya kukataa kwake, na aliyemwuliza alikuwa mwanamke ambaye bila chuki yake yeye asingekuwa hai kuulizwa.

"Nyuma ya pikapu," alisema.

"Sikusikia."

"Nyuma ya pikapu yangu. Juani. Ijumaa mpaka Jumatatu. Barafu iliyeyuka siku ya kwanza, nikaona maji yanavuja, nikayamwaga. Nilijua haifai. Niliogopa kupoteza mkataba, nikalipandisha kwenye basi, nikanyamaza. Na Rade sikumwambia akapigwe picha. Huo ni uongo niliousema mazishini."

Mtu mmoja nyuma alitukana kwa Kiserbia. Mkewe Lazar aliinuka akatoka nje, na baada yake wakatoka wanaume wawili, bila kumwangalia.

"Ungeonekana?" Lazar alimwuliza Desanka, akilia sasa, amesahau kwamba yeye ndiye shahidi. "Damu yake ingetunzwa, wangeuona ule uvimbe? Wewe niambie."

"Sijui," Desanka alisema. "Hutajua wewe, wala mimi. Kaa nalo."

Kisha akamgeukia hakimu. "Nilifanya, mheshimiwa. Nabadilisha jibu langu. Nina hatia."

Alipewa kifungo cha nje na kazi ya jamii. Kabla ya kufunga faili, hakimu alimwuliza kama anajuta.

"Namjutia Bronwyn, aliyeniamini," Desanka alisema. "Basi."

Nje, watu walimpisha njia. Wengine walimpa mkono, wengine waligeuza nyuso, kwa sababu siku nyingi mirija yao nayo ilikuwa imepita mikononi mwake. Jelica alimfungulia mlango wa gari, akakaa kwenye usukani bila kuliwasha.

"Sasa umeridhika?"

Desanka alivua kile kitambaa cheusi, akakikunja mapajani.

"Nina njaa," alisema.

Tangu mazishi Jelica hakuwa amemsikia mama yake akitaja chakula. Akawasha gari.